Chaja ya Dell imeliwa na panya, nimeazima ya HP inaingia vizuri lakini betri haipandi. Ninunue ipi?

#1 Mnyalu wa Sinza

Wakuu salaam.

Nina Dell Latitude E7470, niliichukua used Kariakoo na haijawahi kunisumbua. Juzi usiku panya wamepita na chaja. Hawakugusa waya wa ukutani, wametafuna ule unaotoka kwenye adapta kwenda kwenye laptopu. Fundi wa hapa mtaani kaishika, kaigeuza, kasema tupa.

Jirani ana HP ya zamani. Chaja yake ina kichwa kikubwa cha duara chenye kisindano katikati, ukiviweka pamoja na changu huwezi kuvitofautisha. Nikaazima, nikachomeka, ikaingia bila ubishi na laptopu ikawaka. Sasa vituko vyake:

- ikiwaka inaleta maandishi kwamba haiitambui aina ya adapta
- betri imeganda asilimia 31, haishuki wala haipandi
- mashine imekuwa nzito, faili la Excel nikilibofya naweza kwenda kupika chai nikarudi

Stika ya jirani inasema 18.5V 3.5A. Yangu inasema 19.5V 3.34A. Dukani kila mtu na lake. Mmoja anasema yoyote yenye pini hiyo ni sawa, mwingine kanitolea ile ya vichwa vingi, mwingine ana Dell ya 90W lakini kijana wake ananong'ona kwamba 90W itaniunguzia bodi. Nishikeni mkono kabla sijatoa hela.

#2 Kahawa Chungu

Ngoja waje wajuzi. Nimeshavuta kiti.

#3 Mtoto wa Town

Betri imekufa hiyo, badilisha betri. Mimi chaja za HP natumia kwenye kila kitu.

#4 Fundi Gerezani

Mtoa mada, betri usiiguse. Laptopu yako ni nzima kabisa, inafanya kile ilichotengenezwa kufanya ikichomekewa chaja isiyoijua.

Chukua chaja yako iliyoliwa, angalia pale panya walipokata. Utaona nyaya tatu, si mbili: hasi, chanya, na kawaya kembamba ka tatu. Sasa rudi kwenye kichwa. Chuma cha nje ni hasi. Chuma cha ndani ni chanya, hapo ndipo zilipo 19.5V. Kile kisindano cha katikati hakipitishi umeme wa kuchaji hata kidogo, kazi yake ni kubeba taarifa. Ndani ya chaja ya Dell kuna kachipu kadogo kenye maelezo: mimi ni adapta ya Dell, wati zangu kadhaa, volti kadhaa, ampea kadhaa. Ukichomeka, laptopu inauliza kupitia kisindano. Ikijibiwa, inaruhusu betri ichajiwe. Isipojibiwa, inachukua umeme wa kuendeshea mashine tu, betri inaiacha, na prosesa inashushwa kasi makusudi ili isivute mzigo mkubwa kwenye chaja ambayo uwezo wake haujulikani. Ndiyo maana unapika chai.

HP wa wakati ule nao walitumia kichwa cha vipimo hivyohivyo, milimita 7.4 kwa nje na 5.0 kwa ndani, na wao pia wana kisindano. Lakini namna yao ya kujitambulisha ni nyingine. Kwa hiyo kinaingia, kinakaza, na laptopu bado haijui imepewa nini. Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa, muuzaji anaangalia tundu na wewe unaangalia tundu.

Kuhusu namba za kwenye stika, soma mstari wa OUTPUT, si INPUT. Volti zilingane na za laptopu. Tofauti ndogo kama 19 na 19.5 mashine nyingi zinaivumilia. Ya jirani yako imepungua volti nzima, haitakuunguzia kitu kwa kuazima siku mbili, ila usihamie hapo. Kinachoua ni kuzidisha, mtu anachukua ya 24V ya spika au printa kwa sababu tundu limekubali.

Ampea zenyewe ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Laptopu ndiyo inayovuta, chaja haisukumi. Sufuria kubwa la ubwabwa mezani halikulazimishi ulimalize. Kwa hiyo huyo kijana wa dukani anakutisha bure: 90W ya Dell (19.5V 4.62A) kwenye E7470 ni salama, na hata ile ya 130W (6.7A) inayokuja na dokingi (kile kitako cha mezani cha kuchomekea laptopu) itafanya kazi, ila ni nzito kubeba.

Ukitaka wati, zidisha: 19.5 × 3.34 ni 65. Ya jirani, 18.5 × 3.5, nayo ni karibu 65. Umeona? Wati zinalingana, tundu linalingana, na bado haichaji. Usinunue kwa kuangalia wati peke yake.

#5 Mnyalu wa Sinza

Dah, asante sana mkuu. Kumbe hata ile kuwa nzito ni chaja. Nilishaanza kuwaza virusi.

Swali: kwa nini basi isingekataa kuwaka kabisa tujue moja?

#6 Fundi Gerezani

Wamekuachia uwashe uokoe kazi zako. Baadhi ya mashine nyingine zinakataa kabisa, hasa zile kubwa za kuchorea ramani na kuhariri video zikipewa chaja ndogo.

#7 Mwana Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Fundi amemaliza, ila kuna kitu cha dukani nataka kuongeza, maana hapa Luthuli Avenue tunaona haya kila siku.

Kuna chaja zimeandikwa Dell kubwa kabisa, 19.5V, kisindano kipo, lakini chipu ndani hakuna, au ipo na haieleweki. Kwa macho huwezi kujua. Ukiipima kwa mita inakupa volti safi. Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu, nenda na laptopu yako, tena betri isiwe imejaa. Chomeka chaja, washa huku unagongagonga F2 mpaka uingie BIOS (ile skrini ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows), tafuta sehemu ya Battery Information. Pale kuna mstari wa adapta. Ikikuandikia 65W au 90W, chipu imesoma. Ikikuambia haijulikani au hakuna, rudisha hapohapo kabla hujaondoka kaunta. Haichukui muda, na muuzaji mwenye mali nzuri hakatai. Anayekataa, ameshakujibu.

Baada ya hapo ingia Windows, fungua video mbili tatu ili mashine ifanye kazi, shika chaja. Joto la kawaida ni sawa. Ikiwa moto wa kukutoa mkono, au ikipiga mlio, au inanuka plastiki, achana nayo. Stika zisome pia, zile za kufyatua haraka utakuta maneno yamekosewa herufi.

#8 Kompyuta Bila Presha

Mnazunguka sana. Ingia BIOS, sehemu ya POST Behavior, zima onyo la adapta. Mimi nilizima, kimya.

#9 Fundi Gerezani

Umezima kelele mkuu, betri yako inapanda?

#10 Kompyuta Bila Presha

Hahaha, betri yenyewe nilishaitoa. Naitumia ikiwa kwenye umeme tu.

#11 Fundi Gerezani

Basi. Kipengele kile kinaficha maandishi tu. Kuchaji hakurudi na kasi hairudi.

Tena kwa faida ya wengine: onyo hilohilo linaweza kuja ukiwa na chaja yako halisi. Usikimbilie kununua nyingine. Chungulia kisindano, kikipinda au kikizama ndani hakigusi tena. Kawaya ka tatu nako hukatika pale shingoni karibu na kichwa, kwa watu wanaozungushia waya kwenye adapta na kuukaza kama wanafunga mzigo wa pikipiki. Chezesha shingo taratibu, onyo likija na kuondoka, umepata ugonjwa. Kama chaja ya rafiki yenye afya nayo inakataliwa, geukia soketi ya laptopu. Kwenye Latitude nyingi soketi ni kipande chenye waya wake, kinachomolewa na kuchomekwa kingine bila kulehemu kwenye bodi. Fundi akikuambia lazima bodi ichomwe, muulize vizuri.

#12 Bi Mkubwa wa Makulu

Habari zenu kaka zangu. Naomba nidandie uzi. Nasoma Dodoma, yangu ni HP ProBook, pini yake ndogo ya bluu. Chaja imeandikwa 19.5V 2.31A. Rafiki yangu ana Dell yenye pini ndogo kama yangu, naweza kuazima yake? Na ninunue ipi nikienda mjini?

#13 Mwana Luthuli

Dada, hiyo ya bluu ni milimita 4.5 kwa 3.0. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ile kubwa kwenye HP nyingi kuanzia mwaka 2013 hivi. Dell nao wana ndogo ya vipimo hivyohivyo, volti zilezile 19.5, tofauti ya nje ni rangi tu. Stori ni ileile ya kisindano, kwa hiyo usitegemee ichaji.

Yako ni 45W. Dukani chukua ya HP ya bluu ya 65W, ile iliyoandikwa 3.33A. Utaipata kwa urahisi zaidi na itakuwa na pumzi. Kinyume chake ndiyo mbaya: mtu mwenye mashine ya 65W akitumia ya 45W, HP yenyewe inaweza kumletea ujumbe wa kumtaka aweke adapta kubwa zaidi, na betri inapanda kwa kusuasua ukiwa unafanya kazi.

Kama nyumbani kuna chaja kubwa ya zamani ya HP, kuna kiunganishi kifupi cha kutoka pini kubwa kwenda ya bluu, HP wenyewe waliwahi kukitoa. Hakikisha nacho kina kisindano pande zote mbili. Vingi vya mtaani kisindano ni pambo.

#14 Bi Mkubwa wa Makulu

Ahsante kaka, Mungu akubariki. Nimeandika 3.33A kwenye simu kabisa.

#15 Mzee wa Lehemu

Nimesoma kuanzia juu, nashangaa hakuna aliyeuliza. Mtoa mada, adapta yenyewe, lile tofali jeusi, ikoje? Kama panya wamekata waya tu, chaja haijafa. Huyo fundi aliyesema tupa ni mvivu.

Chipu ya utambulisho kwenye chaja halisi za Dell kwa kawaida iko kwenye tofali, si kwenye kichwa. Kwa hiyo ukiunganisha nyaya zote tatu, kila kitu kinarudi. Chomoa ukutani kwanza, usiguse chochote taa ikiwa inawaka. Menya ganda la nje. Mara nyingi utakuta nyuzi za shaba zilizosukwa kuzunguka, hiyo ni hasi, chini yake kuna ganda lingine lenye chanya, na kawaya kembamba kamejitenga. Lehemu kila mmoja kivyake, vaa kila kiungo mpira wa kusinyaa kwa joto, na viungo visikae sehemu moja, vipishane. Selotepu usiilete hapa.

Ka tatu kasiguse chanya hata kwa bahati mbaya. Zikiingia volti 19.5 kwenye mstari wa taarifa unaweza kuua chipu ya chaja, au mbaya zaidi sehemu ya laptopu inayosoma. Ukimaliza, kabla ya kuchomeka kwenye mashine, weka mita kwenye DC: ncha nyekundu kwenye chuma cha ndani, nyeusi nje. Uone kama 19.5 yenye chanya. Ikija na alama ya kutoa mbele, umegeuza nyaya, chomoa haraka. Na ncha ya mita isiunganishe kisindano na chuma cha ndani, huo mkono wa kutetemeka umeshaua chaja nyingi.

Waya ukiwa umeharibika sana, madukani wanauza waya mtupu wenye kichwa cha 7.4 na nyaya tatu. Ni bei ndogo sana kulinganisha na chaja nzima. Ukiletewa wa nyaya mbili, rudisha.

#16 Mnyalu wa Sinza

Mzee umenifumbua macho. Nimeenda kuangalia sasa hivi. Tofali taa inawaka. Lakini hao panya walikuwa na njaa ya mwaka mzima, waya umetafunwa kuanzia shingoni mpaka katikati, vidonda kila baada ya shubiri. Siuamini.

#17 Mzee wa Lehemu

Basi tafuta waya mzima wenye kichwa. Ukishindwa, nunua nyingine, ila hilo tofali usitupe, niletee mimi.

#18 Kahawa Chungu

Na ile ya vichwa vingi aliyotolewa dukani? Mbona mmeiruka, mimi ninayo.

#19 Fundi Gerezani

Ziko za aina mbili. Kuna zile zenye swichi ya kuteleza ubavuni, 12, 15, 16, 18, 19, 20, mpaka 24. Hizo sizipendi kabisa. Unaiweka 19, inaingia begini, swichi inasogea, kesho unachomeka 24 bila kuangalia. Vichwa vya baadhi yake pia vinaweza kuchomekwa kinyume, chanya ikawa nje. Angalia mchoro mdogo kwenye stika: kiduara chenye nukta katikati, alama ya kujumlisha ikielekea kwenye nukta maana yake chanya iko ndani. Karibu laptopu zote za pini ya duara ziko hivyo.

Aina ya pili volti zinajipanga zenyewe kutokana na kichwa ulichoweka. Zina nafuu. Kwa Acer, Asus na Toshiba nyingi za 19V 3.42A, ambazo hazina habari za kisindano, inakusogeza. Ila pini zao usichanganye, Acer wengi ni 5.5 kwa 1.7, Toshiba na Asus wa zamani ni 5.5 kwa 2.5. Nje ziko sawa, tundu la ndani ndilo tofauti, ukilazimisha unaharibu soketi. Kwa Dell na HP uliza kwanza kama hicho kichwa kina utambulisho. Na Lenovo wenye kile kichwa cha mstatili chenye rangi ya njano ndani, 20V, nao wana utambulisho wao.

#20 Mswahili wa Bremen

Niko Ujerumani, napita tu. Msisahau kwamba haya yote yanaelekea mwisho. Umoja wa Ulaya ulishaweka sheria ya chaja moja ya USB-C, simu kuanzia 28 Desemba 2024 na laptopu kuanzia 28 Aprili 2026. Mashine za used mnazoletewa huko nyingi zinatoka huku, kwa hiyo polepole pini za duara zitapungua Kariakoo.

Ila na USB-C ina mitego yake. Tundu la USB-C si lazima liwe la kuchaji, kuna laptopu lina kazi ya data tu. Tafuta alama ya umeme au ya plagi pembeni ya tundu, au soma maelezo ya modeli. Chaja iwe na PD (Power Delivery, mfumo wa USB-C wa kupatana volti) na iwe na hatua ya 20V, zile za simu za wati 18 zinaishia 9 au 12 na laptopu nyingi zitazipuuza. Kebo nayo: ya kawaida inabeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye 20V. Ukitaka 65W kamili au 100W, nunua kebo ya ampea 5 yenye chipu yake ndani. Watu wananunua chaja ya bei mbaya halafu wanaiunganisha na kebo ya simu, wanalaumu chaja.

Faida yake, hapa volti hukosei. Chaja na laptopu zinakubaliana zenyewe kabla umeme haujapanda kutoka 5V.

#21 Mnyalu wa Sinza

E7470 yangu haina USB-C hata ya dawa. Watu wa 2016 tuko na tundu letu la duara.

Mrejesho wakuu: waya mtupu wa nyaya tatu sikuupata, kila mtu ananiletea wa mbili. Nimechukua Dell ya 90W used, imeandikwa LA90 kwenye stika, muuzaji alianza na elfu 55 tukamalizana 40. Nilikwenda na laptopu kama Mwana Luthuli alivyoelekeza. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa mpya kabisa kwenye nailoni, nzuri kwa macho, BIOS ikakataa. Akacheka, akaingiza mkono chini ya meza akatoa hii iliyochubuka. BIOS ikaandika 90W. Betri iko 84 sasa naandika, na Excel inafunguka.

#22 Mwana Luthuli

Safi. Hiyo ya nailoni sasa anaisubirisha mwingine.

#23 Shamba la Laela

Wakuu heshima. Mimi niko Rukwa, umeme wa Tanesco haujafika kwangu, nina sola na betri ya 12V ya N50. Laptopu ni Dell ya pini kubwa kama ya mtoa mada. Ndugu yangu Marekani ananitumia chaja. Umeme wao si volti 120? Na naweza kuiunga moja kwa moja kwenye betri bila inveta, niokoe umeme?

#24 Fundi Gerezani

Kaka, ya Marekani haina shida. Soma INPUT, itakuwa imeandikwa 100-240V 50/60Hz, inakubali ya kwao na 230 yetu. Kinachobadilika ni waya wa ukutani tu. Mwambie asitume ule wa pini bapa, hapa utapata wenye plagi yetu ya pini tatu na upande wa pili kile kichwa cha matundu matatu, upo kila duka.

Moja kwa moja kwenye betri, hapana. Betri ina 12, laptopu inataka 19.5. Kuna vifaa vya kupandisha volti, lakini unarudi palepale, kisindano hakina wa kukijibu, itawaka bila kuchaji. Zipo chaja za gari za Dell zenye chipu, zinachomekwa kwenye tundu la kiberiti la 12V. Ukiipata halisi ndiyo bora kwako, maana hupotezi umeme kupandisha mpaka 230 halafu kushusha tena.

Ukiikosa, tumia inveta ndogo ya wati 300, inatosha na kubaki. Piga hesabu hivi: chaja ya 65W ikivuta kwa nguvu zote inakula ampea 7 hivi kwenye betri ya 12V, ukijumlisha na upotevu. Betri yako ina Ah 50 (ampea-saa), na hizi za gari usizishushe chini ya nusu, zinakufa mapema. Kwa hiyo una 25 za kutumia, saa tatu na nusu hivi za kuvuta kwa nguvu zote. Laptopu ikishajaa inavuta pungufu ya hapo. Chaji mchana jua likiwa linapiga paneli, usiku tumia betri ya laptopu yenyewe, inveta zima.

#25 Shamba la Laela

Nimekupata fundi. Hiyo ya gari nitaitafuta Sumbawanga mjini. Nikienda nayo BIOS itanionyesha wati vilevile?

#26 Fundi Gerezani

Vilevile. F2, Battery Information. Omba wakuazime betri ya gari hapo nje ya duka, usikubali kuijaribia nyumbani.